Kigari cha Betri cha Michenzani

Kwa miaka mitatu nilitunza daftari la serikali lenye jina moja tu. Lilikuwa daftari kubwa, nene, na mistari yake niliipiga mwenyewe kwa rula: nambari, jina la mwombaji, aina ya chombo, nchi kilikotoka, tarehe ya ukaguzi. Jina lenyewe lilikaa mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe mpaka mwisho wa daftari. Wenzangu ofisini walikuwa wakinitania kwamba nimepewa daftari la kuandikia ndoto zangu. Mimi si mtu wa kutaniwa, na kwa kuwa walilijua hilo, walizidi kunitania.

Ofisi yetu ilikuwa karibu na bandari, chumba cha juu chenye madirisha matatu na pangaboi moja. Kazi yetu ilikuwa misamaha ya ushuru. Niliingia pale mwaka 1985, msichana mbichi, wakati biashara ilipokuwa ikifunguliwa na magari yaliyokwisha kutumika yakaanza kushushwa bandarini. Kila gari lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na sababu ya kutolipa ushuru. Nilizisoma sababu hizo karibu miaka ishirini. Nilisoma barua za watu waliorudi kutoka ng'ambo na barua za watu waliogundua ghafla kwamba wana mjomba asiyeweza kutembea. Nililipwa ili nisisadiki, na kazi hiyo niliifanya vizuri.

Kazi ya namna hiyo humwacha mtu peke yake. Nilikuwa nikikaa Malindi, ghorofa ya pili ya nyumba aliyoiacha babu yetu. Ndugu zangu wanne walikwenda Maskati mmoja baada ya mmoja, wakaoa na kuolewa hukohuko. Mama akafa. Mume niliyekuwa naye aliniacha kabla ya kutimiza miaka mitatu, akasema ulimi wangu unamnyima usingizi. Sikumlaumu sana, maana ulimi ninao. Nikabaki na vyumba sita, nikilala kimoja na kuvifagia vyote.

Aliyepiga hodi kwangu siku hizo alikuwa na chombo bandarini. Atakuja na kikapu cha maembe au doti ya kanga, aniulizie hali ya mama ambaye amekwisha kuzikwa miaka. Nilikuwa nikifungua mlango kipande tu na kukirudisha kikapu kabla hakijatua chini. Habari zikaenea mjini kwamba yule bibi wa misamaha haingiliki, na hodi zikakoma kabisa. Nilijivunia jambo hilo. Magharibi nikishasali nilikula wali wangu nikisikiliza redio ya nyumba ya pili, sio yangu, kwa sababu ile ilikuwa na watu wanaoisikiliza. Na hata mtu akiniuliza ninakaa wapi, nilijibu "mjini" na kunyamaza.

Waraka wa vyombo vya umeme ulitufikia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ulisema kwamba chombo chochote kinachokwenda kwa umeme au betri, kikubwa kwa kidogo, hata kile kinachochanganya umeme na petroli, kisitozwe ushuru wala ada ya kuandikishwa. Serikali ilitaka kuwavutia watu. Moshi ulikuwa umezidi mjini, pikipiki zilikuwa zikipiga kelele vichochoroni, na mafuta yote tunayaagiza. Mkuu wetu wa kazi, mzee mpole aliyekuwa akipenda kila kitu kipya mradi kiwe na mhuri wake, akanikabidhi mimi kazi hiyo. Nikapiga mistari ya daftari. Mhuri ukachongwa.

Masharti tuliyatunga sisi. Mwenye chombo akitumie mwenyewe kwa miaka mitano. Asikiuze. Asikikodishe. Sharti jingine niliongeza mimi kwa kalamu yangu: asimwazime mtu. Mkuu aliuliza kama hilo si kali mno. Nikamweleza kwamba kila tajiri niliyemkamata na gari la msamaha la mtu mwingine alinambia kwamba ameazimwa tu. Akacheka, akatia sahihi. Mkaguzi akawa ni mimi, kila baada ya miezi mitatu.

Tukawangojea watu wa mahoteli na wafanyabiashara wakubwa. Alikuja mmoja. Alikaa mbele yangu akiuliza gari la umeme hupewa nini likiishiwa na nguvu, nikamjibu kwamba huchomekwa kwenye umeme nyumbani. Hapohapo umeme ukakatika, pangaboi likapunguza mwendo mpaka likasimama juu ya vichwa vyetu. Mtu yule akalitazama, akanitazama na mimi, akaaga kwa adabu. Hakurudi, na hakuja mwingine kwa miezi mingi.

Aliyekuja mwishowe alikuwa jirani wa mwombaji, mama mmoja mnene aliyebeba karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Mwombaji alikuwa bibi wa Michenzani, mwalimu wa chuo, yaani aliyesomesha watoto Kurani chumbani kwake kwa miaka arubaini. Magoti yake yalikuwa yameharibiwa na baridi yabisi, hatembei tena isipokuwa kutoka kitandani mpaka mlangoni. Binti yake aliyeolewa Maskati alimpelekea kigari cha betri. Nilizisoma karatasi mara mbili nikitafuta uongo. Haukuwamo.

Nilikwenda kukagua siku ya Alhamisi alasiri. Alikuwa akikaa chini kabisa, katika moja ya yale majumba marefu ambayo watu huyaita treni. Kigari kilikuwa kimeegeshwa mbele ya mlango wake, kimefunikwa shuka safi. Kilikuwa na magurudumu matatu, kiti kimoja chenye mgongo, usukani wa baiskeli, na nyuma sanduku la chuma la kutilia mizigo. Betri mbili zilikaa chini ya kiti. Waya wake ulipita dirishani mpaka ndani, kwenye plagi iliyokuwa ya pasi. Nikaandika nambari, nikapima urefu na upana, nikamwomba akae akiendeshe nione.

Alikaa, akasoma Bismillahi kwa sauti, akazunguka ua mzima. Hakikutoa sauti, ila magurudumu yakisaga mchanga. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa machozi, wala hakuyafuta.

"Miaka sita nimekosa misiba ya watu," akasema. "Mtu anafiwa hapo Kikwajuni, nami nimekaa hapa natuma salamu. Salamu ndiyo nini? Mtu anataka akuone umekuja."

Nikamtaka sahihi. Akatia kwa herufi za Kiarabu, nzuri kupita za mkuu wangu. Halafu akaniuliza kama nshakula. Nikamwambia mfanyakazi wa serikali hali kwenye ukaguzi.

"Basi serikali ikae hapo mlangoni ingoje," akasema. "Wewe ingia ule."

Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunifanyia mzaha nami nikacheka. Niliingia, nikala mkate wa kumimina, nikaondoka karibu na magharibi. Njiani nilijiuliza anataka nini kwangu. Msamaha ameshapata. Nilitafuta na kutafuta kama nilivyokuwa nikitafuta katika barua za watu, na nikafika nyumbani sijaona kitu.

Ukaguzi wa pili ulikuwa baada ya miezi mitatu. Mimi nilirudi baada ya wiki mbili. Nilijiambia kwamba ninakwenda kuziangalia betri, maana betri ni kitu kigeni na serikali lazima ijue hali yake. Mwalimu hakuniuliza nimefuata nini. Alinituma dukani nikamnunulie sukari, na niliporudi akanigombeza kwa kuwa sukari ilikuwa na chungu, sisimizi wale wadogo. Nilikuwa na miaka arubaini na kitu, mtu mzima anayeogopwa bandarini, nikagombezwa kwa ajili ya chungu, na nikaona raha ambayo siwezi kuieleza. Tangu hapo kila Alhamisi nilikuwa Michenzani. Nilimpenda. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu, hata kwake.

Alinieleza alikokwenda na kigari wiki hiyo. Amekwenda Kikwajuni kwenye arusi, amefika Jang'ombe kutoa mkono wa pole, amepita Darajani na kuchagua samaki mwenyewe baada ya miaka sita ya kula samaki wa kuchaguliwa na watu. Umeme ukikatika siku mbili, kigari hulala, naye husononeka kidogo kisha huanza kuhadithia. Siku kama hizo nilimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu, na yeye akiniuliza habari za mama yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Aliwahi kuniuliza pia ninakaa wapi. "Mjini," nikajibu, kwa mazoea, na yeye hakulifukuzia.

Nyumba hiyo ilikuwa mlango pekee duniani ambao nilikuwa nikiuingia bila ya mtu kuutazama mkono wangu ulioshika kalamu. Nilijua kwamba nikiukosa sitapata mwingine, na nilijua hivyo kila Alhamisi nilipokuwa nikivaa viatu.

Katika mwaka wa pili niliumwa. Homa ya malaria ilinilaza wiki tatu. Nilikuwa nikijikokota mpaka dumu la maji na kurudi kitandani. Muuguzi wa zahanati alikuja mara mbili kunidunga sindano, mtoto wa ofisini alileta barua ya likizo ya ugonjwa akaipenyeza chini ya mlango. Zaidi ya hao hakuja mtu. Nikiwa kitandani nilikuwa nikimngojea Mwalimu, na huu ulikuwa wazimu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikataa kumwambia ninakaa wapi. Lakini mgonjwa hahesabu namna hiyo. Nilimngojea, hakuja, na nikaanza kumkasirikia.

Siku niliyopata nguvu ya kutembea ilikuwa Alhamisi, na kwa bahati ilikuwa pia tarehe ya ukaguzi. Nikatia fomu mkobani. Njiani nilipumzika mara tatu kwenye baraza za watu. Nilikuwa nimejitengenezea jinsi atakavyonipokea, jinsi atakavyoona nimekonda, atakavyonigombeza.

Kigari hakikuwapo mlangoni. Ndani palikuwa pamejaa wanawake. Mmoja akichambua mchele, wawili wakishona makawa ya kufunikia chakula, mwingine kalala kabisa na kanga usoni. Chai inapita, kila mtu anazungumza. Mwalimu aliniona, akasema, "Aa, umepotea wewe," kisha akageuka kumalizia hadithi aliyokuwa akiihadithia. Hadithi ilikuwa ya kuchekesha, wote wakacheka. Mimi nikasimama karibu na mlango, nimekonda, na hakuna aliyeona.

Baada ya kitambo nikasikia magurudumu nje. Yule jirani mnene alikuwa amerudi na kigari, sanduku la nyuma limepangwa madumu ya maji, na dumu jingine kalipakata mapajani. Ghorofa za juu za Michenzani maji hayapandi, na watu wanayafuata mbali. Wanawake walitoka wote kupokea maji yao wakipiga kelele za furaha. Na mimi nikaelewa. Watu hawa hawakuwapo hapo mwanzo. Wameletwa na kigari. Kila anayekuja kukichukua hukaa kidogo, na anayekuja kukirudisha hukaa zaidi, na chumba kile nilichokuwa nikikiona changu kimekuwa cha treni nzima.

Nikaitoa fomu. Nikasema kwa sauti ya ofisini kwamba leo ni ukaguzi.

Waliporudi ndani nilianza maswali. Hali ya betri. Hali ya magurudumu. Kisha swali la saba, nililoliandika mwenyewe: je, chombo hiki kinatumiwa na watu wengine zaidi ya mwenyewe? Kwa kawaida nililipita mbio nikaandika "hapana" bila ya kuinua uso. Siku hiyo nililisoma polepole.

"Naam," akasema Mwalimu, na akajiweka sawa kama anayetaka kupigwa picha. "Alhamdulillahi, wote. Andika. Huyu hukichukulia maji. Huyu alimpelekea mama yake dawa Jang'ombe. Yule pale kwenye arusi ya mwanawe, siku mbili kilikuwa kwake. Njoni, jamani, msijifiche, mnaandikwa na serikali."

Nao wakaja mmoja mmoja, wakataja majina yao na ya baba zao, na mmoja alinirekebisha nilipokosea herufi. Nilimtazama Mwalimu. Uso wake ulikuwa na fahari. Kwetu, mtu mwenye kitu akaulizwa mbele za watu kama majirani wanakitumia, maana yake anaulizwa kama ni mchoyo. Hilo ndilo swali alilolisikia. Alidhani serikali iliyomsamehe ushuru imekuja kutazama kama wema wake umefika kwa wengine, naye akajibu kama mtu mwungwana anavyojibu. Nililijua hilo vizuri, kwa sababu nimezaliwa hapahapa na nimekula chumvi hiyohiyo. Ningeweza kuiweka kalamu chini, nikamwita pembeni, nikamweleza.

Niliandika watu saba, wa mwisho yule jirani mnene: siku mbili, kwenda Mji Mkongwe. Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya maoni ya mkaguzi. Mstari mmoja pale, "aelezwe masharti, asamehewe mara hii," ungetosha, na mkuu angeupigia mhuri bila ya kuusoma. Niliiacha nafasi tupu. Fomu isiyo na maoni hufuata sheria yenyewe, na hakuna aliyeijua sheria ile kuliko mimi. Nikampa Mwalimu fomu akaitia sahihi kwa zile herufi zake nzuri, nikaondoka bila ya kunywa chai. Siku mbili tatu nilijiambia nimefanya kazi yangu. Siku ya nne sikuweza kujidanganya tena. Nilifanya wivu, na wivu wenyewe nikauvalisha mhuri.

Kigari kilichukuliwa wiki iliyofuata. Ofisini hawakuniambia, walituma watu wawili na gari la mizigo. Nilikiona asubuhi nikiingia kazini, kimeegeshwa uani kwetu baina ya magari yaliyokamatwa, na sanduku lake la nyuma lina maji bado. Mkuu alinisifu mbele ya wenzangu kwamba hata katika daftari la jina moja nimeonyesha ukali uleule. Wenzangu hawakunitania siku hiyo. Nilikaa mezani mpaka saa ya kutoka, sikuandika kitu.

Alhamisi hiyo sikwenda Michenzani, wala iliyofuata. Nilijaribu kulipindua nililolitenda. Nilimwomba mkuu aiondoe fomu, akanambia kwa upole kwamba karatasi iliyokwisha pigwa mhuri haiondoki. Nikauliza kama naweza kulipa mimi ushuru wake. Akanitazama juu ya miwani akasema mkaguzi akimlipia aliyemkagua, wote wawili watapelekwa pabaya. Nikafukua sheria zote, mpaka nikapata kifungu. Mwenye chombo akitia sahihi ahadi kwamba hatamwazima mtu tena, anaweza kurejeshewa. Niliandika barua, nikaifuata kutoka meza hadi meza, nikakaa kwenye mabenchi ya watu niliokuwa nikiwakalisha mimi. Ilinichukua miezi miwili. Kila siku nikipita uani nilikiona kigari, hewa ya bahari inaanza kulila sanduku lake.

Nilikwenda Michenzani na barua ikiwa na sahihi zote isipokuwa yake. Nje ya mlango wake niliona mkokoteni wa hamali, umetandikwa godoro na shuka. Jirani yule mnene alikuwa ameinama akiupangusa. Alinijibu salamu bila ya kuacha kazi.

"Unamwona anavyokwenda misibani siku hizi," akasema. "Tunamsukuma sisi. Wawili mbele, wawili nyuma. Jana tulikuwa Kikwajuni."

Nikasema nimeleta barua ya kukirejesha kigari. Akaupangusa mkono wake kwenye kanga, akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Unajua yale majina uliyoandika? La mwisho langu. Uliandika nimekichukua siku mbili kwenda Mji Mkongwe, hukuuliza kufanya nini. Ulipopotea zile wiki tatu, Mwalimu alisema yule mtoto anaumwa, yule hana mtu. Akanipa kigari nikutafute. Nimezunguka Shangani, nimezunguka Malindi, namwuliza kila mtu bibi wa misamaha anakaa wapi. Wengine hawajui. Wengine wanajua, wananambia usiende, ana ulimi."

Niliingia ndani kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Mwalimu alikuwa peke yake, kitandani, magoti yamefunikwa. Nikamwamkia. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba," akajibu, kwa sauti nzuri, isiyo na hasira hata kidogo. Nikatafuta hasira ile kwenye uso wake, maana hasira ningejua la kuifanyia. Nikamsomea barua. Nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Aliisikiliza yote mpaka mwisho, akanitaka nisome tena pale penye ahadi, nikasoma.

"Yaani nitie mkono wangu kwamba ntawanyima majirani," akasema.

"Miaka mitatu tu iliyobaki, Mwalimu. Kisha ni chako kabisa."

"Na nikifa kabla ya hiyo miaka mitatu, nende na karatasi hiyo?" Akanirudishia, kaikunja vizuri. "Iache tu. Sikitaki kitu nisichoweza kumpa mtu. Wewe umefanya kazi yako. Umeniuliza, nami nikakujibu."

Nikaanza kumwomba radhi. Maneno hayakutoka kwa mpango, nilisema habari ya homa, ya wanawake waliojaa chumbani, ya nafasi ile niliyoiacha tupu. Nadhani nililia. Alinisikiliza kama alivyoisikiliza barua. Nilipomaliza akasema nimekwisha samehewa siku nyingi, nisijisumbue, kisha akampigia kelele jirani aliyekuwa nje.

"Mletee bibi kiti."

Kiti kikaletwa, cha mbao, kimepanguswa. Kwetu anayeletewa kiti ni mgeni. Mtu wa nyumbani hukaa popote alipofika, juu ya mkeka, ukingoni mwa kitanda, mlangoni. Nami siku zote nilikuwa nikikaa pale kitandani, miguuni mwake. Nilikitazama kiti kile, nikakaa juu yake. Ikaja chai kwenye sinia. Mwalimu akaniuliza hali ya kazi, na kama huko mjini mvua imenyesha. Nilijibu kwamba imenyesha kidogo. Niliponyanyuka nioshe kikombe, akasema, "Hasha, bibi, kiache, kitaoshwa," na kikombe kikachukuliwa mkononi mwangu kwa adabu kubwa.

Akaniombea dua njema, akasema nikaribie tena siku yoyote. Jirani akanisindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa.

Nilirudi tena, mara nyingi, mpaka Mwalimu alipokufa. Hakuna siku aliyonifungia mlango. Hakunigombeza tena hata mara moja, na kila nilipoingia, kabla sijamaliza salamu, nilimsikia akisema niletewe kiti.